Kinolewacho hupata, ila si kwa kila fimbo

Weka nyanya iliyoiva kwenye kibao, laza makali ya kisu juu ya ganda lake, usikandamize, vuta tu. Kisu kilicho hai huzama chenyewe. Kisu ambacho makali yake yamelala huteleza na kuacha alama ya mstari, na ukitia nguvu nyanya hubonyea kwanza kisha hupasuka, mbegu huku maji kule. Wengi wakiona hivyo husema kisu kimekwisha, wanakipeleka kwa fundi mwenye cherehe. Fundi anakisaga mpaka cheche zinaruka, kisu kinarudi kimepungua upana, kwa tatizo ambalo lingekwisha kwa kukipitisha mara nane kwenye fimbo ya kunolea.

Fimbo zenyewe madukani ni za aina nne: ya chuma yenye mifereji mikubwa, ile inayokuja ndani ya seti ya visu, ya chuma yenye mifereji myembamba au laini kabisa, ambayo utaiona mkononi mwa watu wa bucha, ya kauri, na ya almasi. Zinafanana umbo, zinatundikwa ukuta mmoja, na muuzaji ukimuuliza tofauti atakwambia zote zinanoa. Hapo ndipo visu vinapoharibika. Moja inanyanyua makali, moja inayakwangua, moja inayasaga. Ile inayokuja na seti ndiyo iliyomo kwenye droo nyingi, na kwa jiko la nyumbani ndiyo tungeipa alama ya chini, ikiishinda ya almasi peke yake.

Kwanza, makali hufanya nini

Ukingo wa kisu kilichonolewa vizuri una unene wa maikroni moja au mbili, na maikroni ni sehemu ya elfu moja ya milimita. Unywele wa binadamu ni mnene kuliko huo mara makumi. Chuma chembamba kiasi hicho, kikigonga kibao mara mia kadhaa kwa kukata sukumawiki, hupinda upande mmoja. Kikigusa mfupa wa kuku hupinda zaidi, na pengine humeguka kipande. Yaliyopinda yanaweza kurudishwa. Yaliyomeguka hayarudi, hapo dawa ni kinoo.

Maelezo ya zamani ni kwamba fimbo hunyoosha tu makali, haiondoi chuma. Ni nusu ya ukweli. Picha za hadubini ya elektroni zinaonyesha kwamba fimbo ya chuma yenye mifereji hukwangua pia, na huacha ukingo mpya mdogo sana juu ya ule wa zamani. Ndiyo maana kisu kinachopitishwa kwenye fimbo kila siku hufika mahali kikakataa. Kila mara makali yanaongezeka unene kidogo, mpaka fimbo haina tena cha kunyanyua. Ukishapitisha mara kumi na nyanya bado inateleza, usiendelee. Mara ishirini nyingine zitaongeza uchovu wa mkono tu. Lete kinoo cha namba 1000 (namba ikiwa kubwa, ukwaru ni mdogo), nyoa upya mabega ya makali, yaani miteremko iliyo nyuma ya ukingo, ndipo urudi kwenye fimbo.

Jambo la pili ni ugumu. Visu vingi vya Ulaya, kama Victorinox wa Uswisi au Wüsthof na Zwilling wa Solingen, Ujerumani, hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu chenye takribani nusu asilimia ya kaboni na asilimia 15 ya kromiamu. Kwa kipimo cha Rockwell vina ugumu wa kati ya 55 na 58. Tramontina wa Brazil na vile visu vyembamba vya Kiwi kutoka Thailand viko hapo hapo au chini kidogo. Chuma cha namna hii kinapinda kabla hakijavunjika, na kwa fimbo, hiyo ni sifa nzuri. Visu vya Kijapani vya chuma cha VG-10, mfano Tojiro, vinafika 60 au 61. Vyenyewe havipindi sana, humeguka. Ukivipiga kwenye chuma chenye meno utaona vipengo vidogo kama meno ya msumeno. Usidanganyike na nchi iliyoandikwa kwenye boksi, lakini: Global ni Mjapani, ila ugumu wake ni 56 hadi 58, kwa hiyo ni jamaa wa Wajerumani katika suala hili.

Fimbo ya kwenye seti

Ipitishe ukucha kwa mzunguko, utasikia meno. Hiyo mifereji mikubwa inafanya kazi kama tupa. Kisu kinapata makali ya haraka, yenye kukwaruza, yanayouma nyanya vizuri siku ya kwanza na kulala siku ya tatu, kwa sababu ukingo umebaki na vinyuzi vya chuma vilivyosimama bila nguvu. Kuna kasoro nyingine inayosahaulika: urefu. Nyingi za seti za bei ya chini ni sentimita 20, na kisu cha mpishi nacho ni sentimita 20. Huwezi kukivuta kutoka mwanzo wa makali hadi ncha bila kuishiwa na fimbo, kwa hiyo ncha inabaki butu miaka nenda rudi huku katikati kunaliwa mpaka makali yanaingia ndani kama tumbo la njaa. Fimbo iwe ndefu kuliko kisu kwa sentimita 5 angalau. Kwa kisu cha sentimita 20, nunua ya 25 au 30.

Kagua pia kinga ya mkono, yaani ile duara kati ya fimbo na mpini. Kwenye nyingi za bei ya chini ni kiplastiki chembamba kama sarafu. Anayevuta kisu kuelekea mkononi mwake anahitaji kinga pana kuliko ngumi.

Chuma cha watu wa bucha

Hapa kuna vyuma viwili vinavyostahili pesa. Victorinox huuza fimbo ya mviringo yenye mifereji ya wastani, imara, ya bei ya kadiri, ambayo kwa visu vyao wenyewe inafaa kabisa. Juu yake iko Dickoron ya Friedr. Dick, kampuni ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1778. Mifereji yake ni myembamba kiasi kwamba ukucha unateleza, na unaweza kuipata yenye umbo la yai badala ya mviringo.

Umbo hilo si urembo. Kisu kinapokutana na fimbo ya mviringo, vinagusana kwenye nukta moja. Hata mkono mwepesi, nguvu yote ikikaa kwenye nukta moja inakuwa kubwa mno kwa ukingo wa maikroni mbili. Ubavu wa fimbo ya umbo la yai umelala zaidi, kwa hiyo mguso unatandaa na makali yananyanyuka bila kuraruliwa. Ndiyo maana mtu wa bucha mwenye chuma cha aina hii anaweza kupitisha kisu mara tatu kila baada ya dakika chache, siku nzima, na kisu kikadumu. Mifupa na ubao vinalaza makali, chuma kinayanyanyua kabla hayajalala sana.

Iko pia fimbo ya chuma laini isiyo na mfereji hata mmoja, inayong'aa kama kioo. Hiyo hainoi kitu kwa maana ya kukwangua. Inafaa kisu kilichotoka kwenye kinoo jana. Kwa kisu kilichoachwa mwezi mzima ni kupoteza muda.

Tungempa Dickoron alama ya juu kabisa kwa anayekata nyama kila siku, bucha au buchari, kutegemea uko upande gani wa Namanga. Kwa jiko la nyumbani ni gharama inayozidi kazi yenyewe.

Kauri

Kwa nyumba nyingi hii ndiyo ya kununua. Kauri ya fimbo ni alumina iliyochomwa kwa joto kubwa, ngumu kuliko chuma chochote cha kisu, na haina meno bali ina ukwaru mdogo uliosambaa sawasawa. Inanyanyua makali na wakati huo huo inaondoa chuma kidogo mno, kiasi cha kuonekana kama vumbi la kijivu juu ya weupe wake. Hiyo ina maana kwamba safari ya kwenda kwenye kinoo inasogezwa mbele kwa wiki kadhaa.

Mfano mzuri ni Idahone ya Marekani, ile laini ya namba 1200, urefu wa inchi 12, sawa na sentimita 30, mpini wa mbao na pete ya kutundikia. MAC wa Japani ana fimbo nyeusi ya kauri yenye sehemu ya mifereji na sehemu laini. Unaanza na mifereji, unamalizia na laini, na ndiyo tungempa mwenye visu vya Kijapani vya ugumu wa 60, kwa sharti la mkono mwepesi na mara mbili tatu tu kila upande.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa: ikianguka sakafuni inavunjika. Wakati mwingine haivunjiki vipande viwili bali inapata ufa au kipengo kidogo usichokiona, kisha kipengo hicho kinakwaruza makali kila kisu kinapopita. Baada ya kuanguka, ipapase yote kwa kidole kabla hujaitumia. Itundike, usiitupe droo moja na mwiko na upawa.

Kasoro ya pili inatibika. Fimbo ya kauri hujaa vumbi la chuma, inageuka kijivu, inaanza kuteleza, na mwenyewe anadhani imechakaa. Haichakai kirahisi hivyo. Sugua kwa kifutio cha penseli, au kwa sifongo lenye unga wa kusugulia masufuria na maji kidogo, suuza, kausha. Weupe unarudi, na ukwaru nao.

Almasi

Chembe za almasi zimegandishwa juu ya bomba la chuma kwa nikeli. Maandishi ya kwenye boksi huahidi makali kwa sekunde chache, na kweli unayapata. Unachotozwa ni kisu chenyewe. Ikumbuke ile nukta moja ya mguso, halafu weka almasi juu yake: kila ukipitisha unalima mtaro. Fimbo ikiwa mpya ni kali zaidi, kwa kuwa baadhi ya chembe zimesimama juu ya wenzake. Zikishang'oka inatulia kidogo, na baada ya muda mabaka ya chuma kitupu yanaonekana na ndiyo mwisho wake.

Ina mahali pake. Panga la shamba, kisu cha kuparia samaki, kisu cha chuma kigumu kilichopata kipengo na huna kinoo karibu. Mara tatu nne kila upande, basi. Kuitumia kila siku kwa kisu cha jikoni ni kukimaliza.

Kuhusu vile vijidude vya kuvuta kisu katikati ya magurudumu mawili yaliyokaa kama herufi V: hivyo si fimbo na hatuvipi alama.

Namna ya kuitumia

Sahau mtindo wa kwenye televisheni wa kupeperusha kisu hewani na kugongesha kwa kasi. Kasi ni ya mtu aliyefanya hivyo miaka ishirini, tena wengi wao wanafanya kwa ajili ya wateja. Kunja kitambaa chenye unyevu mara mbili, kiweke kwenye kibao, simamisha ncha ya fimbo juu yake, mpini ukiwa juu mkononi mwako. Fimbo iwe wima kabisa, isiegame. Hapo pembe unaipima kwa macho kwa urahisi, maana wima ni wima.

Visu vya Ulaya vya siku hizi hutoka kiwandani na pembe ya nyuzi 14 hadi 20 kila upande. Wüsthof hutaja 14, Zwilling 15. Kwenye fimbo, ongeza nyuzi mbili hivi juu ya pembe uliyonolea, ili kinachoguswa kiwe ukingo wenyewe na si bega lake. Ukiwa chini ya pembe hiyo utasugua bega, utaona linang'aa, utafurahi, na kisu hakitakata. Ni kosa la kawaida kuliko yote, na njia ya kulinasa ni kupaka makali wino wa maka, kupitisha kisu mara mbili, kisha kuangalia wino umetoka wapi. Ukitoka kwenye bega, nyanyua mgongo wa kisu. Ukitoka kwenye ukingo tu, uko sawa.

Kwa asiye na jicho la nyuzi, tumia rula. Kisu chenye upana wa milimita 45 kiwe na mgongo uliokaa milimita 12 kutoka kwenye fimbo kwa nyuzi 15, na milimita 15 kwa nyuzi 20. Kisu cha upana wa milimita 30 ni 8 na 10. Kisu kidogo cha kumenyea cha milimita 20 ni 5 na 7. Utashangaa jinsi milimita 8 zilivyo chache. Wengi wetu hushika kisu kana kwamba tunachonga penseli. Au kunja kona ya karatasi: mkunjo wa kwanza unakupa nyuzi 45, wa pili 22 na nusu, wa tatu 11 na robo. Pembe unayoitaka iko kati ya wa pili na wa tatu.

Gusisha makali yaliyo karibu na mpini juu ya fimbo, karibu na kinga. Shusha kisu huku ukikivuta kuelekea kwako, polepole, ili ncha ifike kwenye fimbo wakati mkono umefika karibu na chini. Nguvu ni uzito wa kisu chenyewe, basi; kisu cha sentimita 20 kina gramu 170 hadi 250 na zinatosha. Sauti ikuongoze. Mlio mmoja mwembamba unaoendelea maana yake pembe haijabadilika. Ukisikia mkwaruzo unaokatika, umeyumba. Karibu na ncha makali yanapinda kupanda juu, kwa hiyo nyanyua kiwiko kidogo, la sivyo ncha itapoteza pembe. Na simamisha kisu kabla ncha haijaruka nje ya fimbo. Kila inapodondoka nje inajipiga pembeni ya chuma, na baada ya miezi ncha inakuwa ya duara.

Pitisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, kwa zamu, mara nne kila upande. Usimalize upande mmoja wote kwanza. Utakuwa umeyasukuma makali yote kwenda upande wa pili. Malizia kwa mara moja moja kila upande kwa nguvu nusu ya ile ya mwanzo. Kisha futa kisu kwa kitambaa, kila mara, bila kusahau, kwani lile vumbi la kijivu ni chuma na njia yake inayofuata ni kachumbari.

Shikilia kisu chini ya taa, makali yakikutazama. Makali mazuri hayaonekani, ni mstari mweusi tu. Ukiona kidoa kinachong'aa, hapo pamelala au pamekatika. Kidoa kikiondoka baada ya mara nne nyingine, palikuwa pamelala. Kisipoondoka, ni kipengo.

Nyumbani inatosha kufanya hivi kila baada ya mapishi mawili matatu. Kisu chenye meno, kile cha mkate, usikipitishe hapa. Kisu cha kuchinjia kinataka fimbo ndefu kuliko zote, ya sentimita 30, na wachinjaji wanajua adabu yake: kinanolewa kabla, si mbele ya mnyama.

Fimbo ya chuma usiioshe na vyombo. Ifute kwa kitambaa kikavu. Nyingi za chuma zimetiwa sumaku kidogo, kwa hiyo vumbi hung'ang'ania kwenye mifereji na hutaka kufutwa kwa nguvu, kuelekea kwenye ncha. Pwani, ambako chumvi ya hewani haiachi kitu, ipake tone la mafuta ya kupikia kabla ya kuitundika. Ganda la kromiamu likianza kubanduka kama magamba, fimbo hiyo imekwisha.

Kama bajeti ni ya kitu kimoja tu, nunua kinoo kwanza, kwa sababu fimbo isiyo na kinoo inafikia ukomo wake ndani ya miezi michache, na kinoo kisicho na fimbo bado kinakupa kisu. Ukiwa na kinoo na hujapata fimbo, pindua kikombe cha kauri cha chai juu chini. Pale kinapokaa mezani kuna duara lisilopakwa ule mng'ao, lenye ukwaru. Hiyo ni kauri pia, ingawa ni ya kukwaruza zaidi na haina usawa. Pitisha kisu kwa pembe ile ile, mara tatu kila upande, kikombe kikiwa kimekaa juu ya kitambaa chenye unyevu na vidole vikiwa chini ya usawa wa duara. Utaona mistari ya kijivu imebaki kwenye udongo mweupe. Osha kikombe vizuri kabla ya kumpa mgeni.